Ndoo Tayari na Shemeji Asiyesema Ndiyo

Jumatatu, 3 Machi

Naogopa. Acha niliandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Saa nne asubuhi nilitoroka shule. Nilisema naenda kununua wino wa mashine, nikaenda ofisi ya usajili wa kampuni. Dirisha namba tatu. Mama wa dirishani ana miwani ya kamba na sauti ya mtu aliyekwisha kuona yote. Akaniambia jina letu, Ndoo Tayari, limeshikiliwa hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Baada ya hapo atakayelitaka atalichukua. Fomu iwe na sahihi mbili, yangu na ya mwenzangu, na mwenzangu awepo mwenyewe.

Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki, inakuwaje mwenzako akipewa nusu ya hisa halafu asifanye kazi. Akasema nusu ni nusu. Akija kazini ni yake, akilala ni yake. Watu hugawana hisa kabla hawajagawana kazi, akasema, halafu wanakuja kulia kwake, na dirisha lake si la kulilia. Dawa ni kupatana kabla ya kusajili: hisa za kila mmoja ziive kidogo kidogo kadiri anavyofanya kazi, na anayeondoka mapema aondoke na zilizoiva tu. Ila kwanza, akasema, mwulize mwenzako kama yumo au hayumo.

Mwulize! Anasema kirahisi kwa sababu hamjui shemeji yangu.

Shemeji ni mdogo wake wa kiume mke wangu. Ni fundi wa vali idara ya maji, ndiye anayefungulia na kufungia mitaa maji. Maji yetu ni ya zamu na zamu yenyewe haijulikani, watu wanakesha na ndoo kama wanaolinda mwizi. Shemeji akiweka sikio kwenye bomba kuu anajua mtaa gani utapata maji na baada ya muda gani. Si siri ya ofisi, ni masikio yake. Mpango wetu ni rahisi: yeye aache kazi, azunguke na pikipiki akisikiliza mabomba, mimi nitume ujumbe kwenye simu za waliojiandikisha kwamba maji yanakuja, ndoo tayari. Nina kaya mia moja na kumi na mbili kwenye orodha. Nimeziandikisha mwenyewe, mlango kwa mlango. Bila yeye mimi ni mtu mwenye orodha ya majina.

Na yeye kila nikimgusia suala la kuanza anasema tutaona. Ofisini kwao wanamwita Tutaona. Mama yake mzazi anamwita Tutaona.

Sasa la kutisha zaidi. Mwezi uliopita, tarehe saba, siku ambayo mpango huu ulinipanda kichwani, nilimwandikia mwalimu mkuu barua ya kuacha kazi yangu ya ukarani. Ijumaa hii ndiyo siku ya mwisho. Shemeji sijamwambia. Mke wangu sijamwambia. Nilipanga kuwaambia siku mambo yatakapokaa sawa, na siku hiyo imekataa kuja.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mbinu. Sitamwuliza, nitampima.

Mtu aliyemo hufanya kazi aliyopewa. Asiyemo hutoa sababu. Saa mbili asubuhi nikampigia simu, nikamwomba anichoree ramani ya vali za mtaa wetu, leo hii hii. Kazi ya nusu saa. Akasema tutaona.

Nimeshinda nachapa mtihani wa jiografia wa kidato cha pili huku jicho liko kwenye saa. Swali la tatu nimeandika wanafunzi wataje vali tatu kubwa za bara hili. Mwalimu wa jiografia ameurudisha na kuniuliza kama niko mzima.

Saa kumi na moja jioni akaja, viatu vimejaa matope, mikono mitupu. Nikamwuliza ramani iko wapi. Akagonga kipaji cha uso kwa kidole, akasema iko humu. Fundi mkuu wa zamani hakuacha karatasi. Vali nyingine zinafungwa kwa kulia, nyingine kwa kushoto, na ile ya karibu na soko lazima uipige teke kwanza. Mambo hayo hayachoreki, akasema.

Sababu! Nilijua.

Halafu akanitazama usoni akaniuliza, na wewe shule vipi. Mke wangu alikuwa hatua tatu nyuma yetu anaanua nguo. Nikasema shule ipo. Akauliza kwa hiyo kesho naenda. Nikasema naenda, kwa nini nisiende. Akatikisa kichwa taratibu, akasema haya shemeji, tutaona. Akaondoka bila kumaliza chai, yeye ambaye hajawahi kuacha chai katika nyumba hii.

Nimeutafakari ule mtikiso wa kichwa hadi sasa. Nimeupatia maana sita na hakuna hata moja inayonifaa.

Jumatano, 5 Machi

Zimebaki siku mbili.

Mbinu ya pili ni ya kisheria. Wakati wa mapumziko nimechapa mkataba kwa mashine ya shule. Nimeuita Mapatano ya Wenza. Kifungu cha nne ndicho chenye meno: Mwenza atakayekaa siku tatu bila kufanya kazi, pasipo sababu ya msingi, hisa zake zisizoiva zitarudi kwenye kampuni. Kifungu cha saba kinamhusu Mwenza atakayesinzia kikaoni. Nimekisoma kwa sauti ndogo mara mbili. Hata mimi kimenitia hofu.

Ubaya wa mkataba ni kwamba lazima mtu aupeleke. Nilifika hadi lango la idara ya maji. Nikamwona shemeji uani anafunga spana kwenye pikipiki. Akainua kichwa. Nikageuka nikawa napima upana wa lango kwa mikono, kama fundi wa vyuma. Mlinzi akaniuliza kama nimetumwa na mkandarasi. Nikamjibu ndiyo. Amenipa vipimo vyote na kunisihi bawaba za safari hii ziwe imara.

Ikabidi nimtumie mke wangu. Nikamwambia ni fomu tu, ampe mdogo wake mkononi. Lakini alipofika kwa mama yake, ambako shemeji anaishi, hakumkuta. Akamwachia mama. Mama mkwe hakuwa na miwani yake. Akamwita jirani, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya gwaride, amsomee. Barazani. Mbele ya wageni wanne.

Saa kumi nikaitwa.

Nilikwenda. Nikaamkia shikamoo mama. Marahaba ilichukua muda mrefu kufika. Bahasha ilikuwa mapajani kwake. Akasema, baba, wewe ni msomi, nieleze, huyu Mwenza ni nani, na amemfanya nini mtu hadi aandikiwe maneno mazito namna hii, mpaka usingizi wake unahesabiwa.

Mkwe ni mkwe. Kumwambia kwamba Mwenza ni mwanawe wa mwisho, aliyemnyonyesha miaka miwili na nusu, sikuweza. Nikasema ni mtihani. Somo la biashara, kidato cha nne. Kwa bahati mbaya umechanganyika na fomu.

Akanitazama. Nikatazama zulia. Akasema kama ni mtihani basi jibu lake ni jepesi, hata yeye ambaye hakusoma analijua: aliyeandika haya amwite huyo Mwenza, wakae, amwulize anataka nini. Kuuliza si ujinga. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa ile meza yake inayoyumba.

Meza sasa imetulia kabisa. Kifungu cha nne kimepata kazi kabla yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Sikulala vizuri. Niliota niko dirisha namba tatu, natia sahihi, na kila nikiandika jina langu linatokea la shemeji.

Lakini asubuhi, nikinyoa, ikanijia mbinu kubwa kuliko zote. Kwa nini shemeji hasemi ndiyo? Kwa sababu nyuma yake kuna mlango uko wazi, yaani ajira. Ukifungwa huo mlango, ataingia wapi kama si Ndoo Tayari? Basi mabosi wake wasikie kwamba anataka kuondoka. Watakasirika, watamfukuza, naye atakuja kwangu mbio.

Nilichukua bili ya zamani nikaenda idara ya maji, kwenye meza ya malalamiko. Dada wa malalamiko anafahamika kwa kusikiliza vizuri. Nikalalamika mita yangu inazunguka hata bomba likiwa kavu, kisha nikainama nikamnong'oneza kwamba nimesikia fundi wa vali anaacha kazi, ila asimwambie mtu. Akaapa kwa mkono kifuani.

Nilikuwa bado naandika kwenye daftari la malalamiko pale mhasibu alipokuja kunong'ona naye. Kisha akaja dereva. Dereva, alipokuwa anatoka, akaniegemea na kuniambia, mzee, umesikia, fundi wa vali anaondoka, ila usimwambie mtu.

Hapo ndipo nikasikia mlango ukigongwa ukutani na sauti ya mkuu wa idara, akitaka Tutaona atafutwe popote alipo, aletwe ofisini kwake, sasa hivi.

Ile sauti! Nilitoka mbio nikaacha kalamu na bili. Nimefika nyumbani nimeloa jasho. Nimemwambia mke wangu ni jua.

Nimefanya nini mimi? Yule kijana ndiye anayemtunza mama yake. Miaka kumi na moja yuko matopeni, mvua na jua, ili sisi tuoge. Wakimfukuza leo na kesho Ndoo Tayari isisimame, nitamtazamaje mke wangu? Nitamtazamaje mama mkwe, mezani pale, juu ya kile kifungu? Nimempigia shemeji mara tatu. Mara zote niliikata simu kabla haijaita.

Ijumaa, 7 Machi

Yamekwisha. Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha, kwa kuwa daftari hili nalifungia kabatini.

Saa sita nilikuwa nimeketi kwenye benchi la ofisi ya usajili, fomu magotini, sahihi yangu tayari. Saa saba hakuna mtu. Saa saba na nusu akaingia shemeji. Shati jeupe limepigwa pasi. Viatu safi! Nikajua wamemfukuza, maana mtu wa vali hawi safi siku ya kazi.

Akakaa. Akaniambia nitulie, ana habari. Jana mkuu wa idara alimwita akamwuliza kama ni kweli anaondoka. Shemeji alishtuka, hakujua habari imetoka wapi, akanyamaza. Yule mkuu akachukulia kimya ni ndiyo. Akatuma watu wengine watatu wakafungue maji ya upande wa soko. Walirudi baada ya saa moja, wamelowa, bila maji, na mmoja anachechemea. Kabla ya saa tisa shemeji alikuwa amefanywa msimamizi wa eneo lote. Ofisi yenye feni. Wasaidizi wawili wa kumfuata nyuma na kuandika kila anachokijua. Na mkuu akamwuliza anataka nini zaidi ili abaki. Akajibu watu waambiwe maji yao yanatoka lini. Mkuu akapiga meza kwa furaha. Kuanzia mwezi ujao idara itatuma ujumbe kwa kila nyumba, bure.

Bure! Nikaziona kaya zangu mia moja na kumi na mbili zikiondoka moja moja.

Nikaona nimempata hatimaye, nikamwambia kwa uchungu kwamba siku zote nilijua hayumo. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa bahasha. Pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kubebwa. Ndani mlikuwa na barua ya kuacha kazi. Yake. Ya tarehe kumi Februari.

Amekuwa akitembea nayo karibu mwezi mzima. Akasema alikuwa ananingoja, maana wazo ni langu na mimi ndiye mkubwa. Kila asubuhi akipita na pikipiki ananiona nimefunga tai naelekea shule, anajiambia labda kesho. Jumanne alikuja kuniuliza waziwazi, shule vipi, nami nikamjibu shule ipo. Ndipo alipojua nilikuwa nacheza. Akaniambia, maneno yake haya hapa kama yalivyotoka: "Shemeji, mimi ningekufuata. Ila mtu aliyesimama hafuatiki."

Nilifungua kinywa nimwambie. Kwamba leo ni siku yangu ya mwisho. Kwamba nilitangulia kuruka siku tatu kabla yake, nikajificha. Badala yake nikasema hongera sana shemeji.

Akaichana barua yake vipande vinne, akaitia kwenye ndoo ya taka, akaniaga.

Mama wa dirisha namba tatu akauliza kama sahihi ya pili imepatikana. Nikasema mwenzangu hayumo. Akauliza nilimwuliza lini. Nikasema naona foleni ni ndefu, nisiwacheleweshe watu. Saa tisa kamili jina la Ndoo Tayari likaachiwa.

Saa kumi nilikabidhi funguo shuleni. Karani mpya alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu. Mwalimu mkuu alinipa mkono na kuniambia anaona watu wachache sana wenye ujasiri kama wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe alituita sote kumpongeza mwanawe. Chai, maandazi, keki, majirani, na yule mwalimu mstaafu wa sauti ya gwaride akatoa hotuba bila kuombwa.

Mke wangu alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake mwaka huu. Alisema mbele ya wote kwamba anamshukuru Mungu, wanaume wake wawili wote wana kazi zinazoeleweka. Chai ikanipalia. Nilipigwa mgongo na watu watatu.

Shemeji akanivuta pembeni, ila mke wangu alikuwa palepale anakata keki. Akasema wanatafuta karani wa kutuma ule ujumbe, mtu mwenye mkono mwepesi wa kuchapa na anayezijua nyumba za watu. Mtu wa kwanza kumfikiria nilikuwa mimi. Bahati mbaya nina kazi yangu ya shule, na hawezi kumtoa mtu kwenye kazi ya kudumu. Nafasi lazima ijazwe Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Kisha akaniuliza polepole, au vipi shemeji?

Lilikuwa ni neno moja tu. Nilihitaji kusema niko huru. Mke wangu akainua macho kutoka kwenye keki. Nikasema kweli kabisa, shule haiwezi kunikosa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga tai kama kawaida. Mke wangu amenifunga kifungo cha shati na kunitakia kazi njema. Nimetembea hadi kona ya shule, nikakata kushoto, na sasa niko nyuma ya duka la kutoa nakala, kwenye kiti cha plastiki, naandikia magotini. Mwenye duka anadhani nangoja vyeti.

Lakini sikati tamaa. Nimekaa nikachambua wiki nzima iliyopita na nimeona wazi nilikosea wapi na wapi nilipatia. Ramani ilishindwa. Mkataba ulishindwa. Fununu ilifanya kazi! Mtu alisemwa anaondoka, saa hiyo hiyo akapandishwa cheo. Kwa hiyo saa tatu asubuhi nimekwenda kwenye meza ya malalamiko, nikamnong'oneza yule dada kwamba kuna kampuni kubwa ya mji mwingine inamchukua karani wa shule, yule shemeji yake msimamizi mpya, ila asimwambie mtu. Shemeji atashtuka asije akanikosa. Atanipigia mwenyewe, ataniomba, nami nitakubali kwa shida. Mke wangu ataambiwa nimenyang'anywa shule na idara ya maji. Hakuna atakayejua lolote.

Saa nne na nusu. Habari lazima imefika. Pale haizidi dakika tano.

Saa tano na robo. Ujumbe wa shemeji! Nimeusoma mara nne. Anasema amesikia, amefurahi kupita kiasi, na sasa ananielewa, kumbe nilikuwa na safari yangu kubwa na ndiyo maana nilikuwa mzito. Hawezi kunizuia riziki yangu. Ile nafasi ameshampa dada wa malalamiko, ameona ndiye mtu anayefikisha ujumbe haraka kuliko wote. Amempigia dada yake, yaani mke wangu, kumpongeza, naye amesema anapita shule sasa hivi kumwomba mwalimu mkuu anipe ruhusa ya siku mbili, tufungashe.

Kutoka nyumbani hadi shule ni dakika kumi na mbili. Nikitoka mbio sasa namkuta langoni, namshika mkono, namwambia yote kuanzia tarehe saba Februari.

Simu inaita. Ni mke wangu. Siipokei kwanza. Nimepata mbinu.